Kaburi la Dola Nane

Mwaka jana, siku kumi kabla ya Halloween, niliingia katika duka moja la bei nafuu magharibi mwa Auckland kununua ndoo na vibanio vya nguo. Pale mlangoni, mahali ambapo wiki chache nyuma walipanga miche ya nyanya na mifuko ya mbolea, nilikuta makaburi. Mawe ya kaburi, kwa usahihi zaidi. Yalikuwa kama kumi na tano, yamesimamishwa kwenye rafu kama vitabu, ya kijivu, yamechorwa nyufa na kupakwa ukungu wa kijani kwa brashi. Yote yaliandikwa zile herufi tatu za Kiingereza za kumtakia marehemu apumzike kwa amani, na hakuna hata moja lililokuwa na jina. Niliinua moja. Lilikuwa la povu gumu, lile linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi isivunjike. Halikuwa na uzito wowote. Dola nane.

Mama yangu alikuwa na siku thelathini na tatu kaburini.

Alifariki Tanga alfajiri, akazikwa alasiri ya siku hiyohiyo kama ilivyo desturi yetu. Safari ya kutoka Auckland hadi Tanga, hata ndege zikikupendelea, inakula zaidi ya saa thelathini, kwa hiyo hapakuwa na cha kuulizana. Kaka yangu aliniwashia video makaburini. Nikaona migongo ya wanaume waliovaa kanzu, nikaona udongo mwekundu kwenye jembe, kisha sauti ya mzee mmoja ikamwambia azime hicho kitu. Akazima. Mzee alikuwa na haki yake na sina kinyongo naye, ila matokeo ni kwamba sijaliona kaburi la mama mpaka leo, na jiwe la kwanza la kaburi nililolishika tangu afe ni lile la povu. Nililirudisha kwenye rafu, nikalipia ndoo, nikasahau vibanio.

Naeleza haya mapema ili msomaji ajue naandika nikiwa nimesimama wapi. Sina ugomvi wa kidini na Halloween. Ile hoja ya kwamba haya ni mambo ya Wamarekani nayo naiona nyepesi. Anayeisema mara nyingi amevaa jinzi na ana kopo la soda mkononi. Sikukuu husafiri, kama maneno yanavyosafiri, na Kiswahili kingekuwa lugha fupi sana kama kingekataa wageni. Kinachonisumbua ni kitu kingine, na imenichukua mwaka mzima kukipatia maneno.

Tuanze na jua. Auckland iko karibu digrii 37 kusini mwa ikweta. Tarehe 31 Oktoba huku ni katikati ya machipuko. Saa zimesogezwa mbele tangu Jumapili ya mwisho ya Septemba, na jua haliingii baharini mpaka saa moja na nusu jioni iwe imepita. Watoto wanaotoka saa kumi na mbili kwenda kutisha watu wanatoka kwenye mwanga mweupe kabisa. Nimeona kiunzi cha mifupa kikivuka barabara kimevaa miwani ya jua. Nimeona popo wa karatasi wakiwa wamebandikwa kwenye dirisha lililozungukwa na majani mabichi, na kwenye kioo hichohicho, majani ya plastiki ya rangi ya chungwa, yaliyokauka kwa ustadi mkubwa. Mti wa nje ndiyo kwanza unachipua. Mtu wa ndani anaupambia mti huo kifo chake.

Kiswahili nacho kilinichezea shere hapa. Watafsiri wamekubaliana kwamba yale majira ya Ulaya ambayo majani hupukutika yaitwe vuli. Nilikua nikiisoma hivyo kwenye vitabu vya hadithi vilivyotafsiriwa: ikaja vuli, majani yakaanguka, watu wakavaa makoti. Lakini vuli ya Tanga ni mvua. Ni zile mvua fupi za kuanzia Oktoba, mtu anaangalia mawingu na kujiuliza kama apande kunde sasa au asubiri wiki. Neno lilelile linabeba kufa kwa majani kule na kuota kwa mbegu kwetu, na mtoto wa Tanga anasoma vyote viwili bila kuona tatizo. Mimi sikuliona tatizo mpaka nilipohamia huku na kushuhudia majani yakipukutika kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ilikuwa Aprili.

Halloween ina akili sana mahali ilipozaliwa. Kwa Waselti wa Ireland na Uskoti, Samhain ilikuwa mwisho wa mavuno na mlango wa baridi. Mifugo inateremshwa kutoka malishoni, wanyama ambao hawatafika mwisho wa baridi wanachinjwa, na usiku unaanza kuumeza mchana. Mtu akisema katika juma kama hilo kwamba wafu wamekaribia, anasoma tu kilicho mbele ya macho yake. Kanisa lilipoweka Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na baadaye Marehemu Wote tarehe 2, lilikuta watu wameshaanza kuwakumbuka waliotangulia. Jina lenyewe, Halloween, ni mkesha wa siku hiyo ya watakatifu. Wakatoliki wa kwetu wanaijua vizuri tarehe 2. Ni siku ya kwenda makaburini kusafisha na kuwasha mishumaa, na sijawahi kusikia mtu akiiita mambo ya kuiga.

Lakini kipande kilichonikamata ni kingine. Uingereza, katika zama za kati na hata baadaye sana, watoto na maskini walipita nyumba kwa nyumba siku hizo wakipewa vikate vitamu vilivyoitwa keki za roho. Malipo yao yalikuwa dua. Wewe unampa mtoto mkate, yeye anamwombea marehemu wako, na kila mmoja anaondoka na alichohitaji.

Nilisoma hilo usiku wa manane, wiki ileile ya mawe ya povu, nikarudi kulisoma tena. Hii si ni hitima? Aliyekulia pwani anajua ninachosema. Watoto wa madrasa wanaitwa, wanakaa mkekani wamebanana, kila mmoja na juzuu yake, wanasoma haraka kwa sababu harufu ya pilau imeshatoka uani. Sinia linakuja. Wanakula, wanapangusa mikono, wanakwenda zao na vikaratasi vya halua mfukoni. Mimi mwenyewe nimekula pilau za watu ambao sikuwajua wakiwa hai, na nikawasomea. Hakuna aliyetuambia kwamba tunafanya biashara na wafu, lakini ilikuwa biashara, na ilikuwa ya haki: chakula kwa dua, na jina la marehemu likitajwa katikati.

Wahamiaji wa Ireland waliichukua sikukuu yao wakavuka nayo bahari. Kwao walichonga taa kwenye mizizi minene inayofanana na figili kubwa. Marekani wakakuta boga, ambalo ni laini na kubwa zaidi, wakahamia huko. Mtindo wa kudai pipi mlangoni na kutishia kituko ulienea Marekani ya Kaskazini miaka ya 1920 na 1930. Ukasimama wakati wa vita kwa sababu sukari ilikuwa ya mgawo, kuanzia 1942 mpaka 1947, na uliporudi ulikuta viwanda vya pipi vinausubiri. Tangu hapo hesabu ni rahisi. Mkate umebaki, tena umeongezeka. Dua imetoka.

Na hapa ndipo linapokuja jambo langu. Halloween inayofika huku kusini ndani ya kontena imeshapunguzwa mara mbili. Kwanza ilipunguziwa marehemu, huko ilikotoka. Kisha, kwa kuvuka ikweta, ikapunguziwa majira. Kilichobaki ni mifupa isiyo ya mtu katika giza ambalo halijaingia. Mawe kumi na tano na hakuna jina.

Ningependa kuishia hapo. Ningekuwa na makala safi ya kulaani. Tatizo ni kwamba wiki hiyohiyo, nikitafuta hoja za kuongezea, niliitazama tena filamu ya John Carpenter ya mwaka 1978 iitwayo *Halloween*, ile iliyowafundisha watu wengi wa rika la wazazi wetu, pamoja na sisi tuliokuja kuiona kwenye kanda zilizochakaa, jinsi Oktoba ya Marekani inavyofanana. Hadithi inatokea katika mji wa kubuni wa Haddonfield, jimbo la Illinois, barabara zenye majani makavu yanayoviringishwa na upepo. Ukweli ni kwamba ilipigwa California, na ilipigwa wakati wa machipuko. Majani yale yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, na kila walipomaliza kupiga kipande waliyazoa wakayaweka kwenye mifuko ili wayamwage tena kwenye kipande kinachofuata, kwa sababu bajeti ilikuwa ndogo. Ukiangalia nyuma ya waigizaji, miti imestawi. Kuna mahali mnazi wa mapambo unachungulia.

Nilicheka peke yangu sebuleni. Oktoba ile tunayoiga huku machipukoni, tukiona aibu kwamba yetu ni ya uongo, nayo iliundwa machipukoni kwa majani ya kuzoa. Hata ule uso wa kutisha wa Michael Myers ni barakoa ya dukani ya Kapteni Kirk, mhusika wa *Star Trek*, iliyopuliziwa rangi nyeupe.

Bado naiona ni filamu nzuri, na sababu haiko kwenye damu, ambayo ni kidogo kuliko watu wanavyokumbuka. Iko katika mambo mawili. La kwanza, Myers anang'oa makaburini jiwe la dada yake, yule aliyemuua mwenyewe akiwa mtoto, analibeba mpaka mjini na kulisimamisha kitandani. Ni jiwe zito, la kweli, na lina jina: Judith Myers. Katika filamu nzima hakuna kinachotisha kama hilo jina, kwa sababu kila kitu kingine usiku huo ni mchezo na lenyewe si mchezo. La pili, Laurie, msichana anayefukuzwa, anakimbilia kwa jirani, anagonga, anapiga kelele za msaada. Taa ya barazani inawaka. Mtu anachungulia. Kisha taa inazimwa. Ni usiku wa kufungua milango, mtaa mzima umeshinda ukigawa pipi kwa wageni waliojifunika nyuso, na anapotokea mtu mwenye shida ya kweli, mlango haufunguliwi. Carpenter haongezi neno. Anaacha ile taa izimike tu.

Mashine ile ya pipi haijawahi kujikosoa vizuri zaidi ya hapo, na imejikosoa kwa filamu ya kuuza tiketi.

Dada yangu ana ukosoaji wa aina nyingine. Arobaini ya mama iliangukia Jumatatu tarehe 28, ambayo huku ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi, nikawa sina kazi. Kisomo kilikuwa alasiri ya Tanga, maana yake saa nane za usiku kwangu. Nilisikiliza kwa simu nikiwa nimekaa sakafuni jikoni ili nisimwamshe mtoto. Baada ya watu kutawanyika dada alinipigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Hujalala? Mjukuu wa marehemu hajambo?"

Nikamwambia hajambo, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka na sikuwa nachagua maneno, nikamwambia pia kwamba Alhamisi anatoka na wenzake, anataka kuvaa mifupa. Kimya. Nilisikia masufuria yakioshwa nyuma yake.

"Mtoto unamvalisha mifupa, na arobaini ya bibi yake haijapoa?"

Nilijitetea kwamba ni mchezo wa shule. Akauliza wengine wanavaa nini. Nikasema kuna watakaovaa wachawi, kuna watakaovaa misukule. Sikupaswa kutumia neno hilo. Ningesema zombi, neno la sinema, lingepita. Msukule kwa dada yangu, na kwa Watanzania wengi, ni mtu aliyekufa kabla ya siku yake, ambaye ndugu zake wanaamini yuko mahali fulani anamlimia aliyemchukua. Na mchawi si kofia ndefu nyeusi. Tunatoka katika nchi ambayo vikongwe wa Usukuma wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni kwa miaka hamsini. Wazungu nao walichoma moto wanawake wao kwa shutuma hizohizo. Tofauti ni kwamba wao wamepata karne kadhaa za kusahau, na kofia inawezekana tu baada ya kusahau.

"Mimi siko huko," dada alisema mwishowe. "Wewe ndiye mama yake." Kwetu hiyo si ruhusa.

Nilimvalisha. Nitasema ukweli kwa nini: kwa sababu ana miaka saba, amezaliwa huku, na darasani kwake yeye peke yake ndiye ambaye bibi yake alikuwa sauti ya kwenye simu. Sikutaka awe peke yake katika jambo la pili. Nilimpaka uso kwa rangi nyeupe na nyeusi mbele ya kioo cha bafuni. Nilikuwa nachora meno juu ya mdomo, amenyamaza kabisa kama mtu anayenyolewa, kisha akauliza bila kusogeza midomo:

"Bibi naye sasa yuko hivi?"

"Bado," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Niliposikia nilichosema mkono ukasimama. Yeye alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyejibiwa vizuri, akanyoosha shingo niendelee na meno ya chini. Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyofanya kuhusu kifo cha mama yangu hadi siku ile, na yaliwezekana kwa sababu ya paketi ya rangi ya dola nne. Nimejaribu mara nyingi kukiweka kisa hicho upande mmoja wa mizani, na hakikai.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu, jua likitupiga machoni. Mwaka huo Diwali iliangukia siku hizohizo, na nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wamepanga vitaa vya udongo kwenye ngazi zote mpaka mlangoni. Watoto walidhani ni mapambo ya Halloween, tena wakayasifu kuwa ndiyo mazuri mtaani. Mama mwenye nyumba hakuwasahihisha. Aliwaletea sinia la ladu. Wenzake waliziangalia kwa wasiwasi; binti yangu, ambaye amezila kwa shangazi zake Tanga mara moja alipokwenda, alichukua mbili.

Nyumba ya mwisho kabla ya kona ni ya mzee wa Kisamoa. Makanisa mengi ya watu wa visiwa vya Pasifiki hayataki Halloween. Mengine huandaa sherehe ya nuru usiku huo ili watoto wasikose pa kwenda. Kwenye geti lake kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba hapa hatushiriki. Nilitaka tupite. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya geti na mfuko wa machenza, na aliwaita. Akawaambia pipi hana na sherehe hii haipendi, ila matunda ni ya Mungu. Akawagawia moja moja, akimuuliza kila mtoto jina lake na nyumba yao ni ipi. Kisha akaniuliza mimi. Nilikuwa na miaka minne katika mtaa ule na hatukuwahi kusemezana zaidi ya kupungiana. Nimetoka wapi? Wazazi wako wapi? Wazima?

Nikasema baba alitangulia zamani, na mama amekufa mwezi uliopita, sikuweza kwenda kumzika.

Alivua kofia. Akashika mkono wangu juu ya geti, akafumba macho, akaomba kwa Kisamoa, dakika moja au mbili, watoto wakisubiri na vikapu vyao, mifupa, popo, na mchawi mmoja aliyekuwa anamenya chenza. Sikuelewa neno hata moja. Katikati alisimama akaniuliza jina lake mama. Nikamtajia. Akaendelea.

Sitajifanya kwamba hiyo inaiokoa Halloween. Yule mzee ameikataa, ameandika karatasi. Lakini nisingesimama kwenye geti lile usiku mwingine wowote wa mwaka, na yeye asingekuwa nje akisubiri.

New Zealand, kwa kweli, haina upungufu wa siku za wafu. Ina Anzac tarehe 25 Aprili, majani yakiwa yameanguka, watu wanaamka kabla ya alfajiri kuwakumbuka askari tangu wale wa Gallipoli wa 1915. Na ina Matariki. Matariki ni jina la Kimaori la kile kishada cha nyota ambacho kikitokea tena kabla ya mapambazuko, katikati ya baridi, huanzisha mwaka mpya. Tangu 2022 ni sikukuu ya kitaifa. Moja ya nyota zake, Pōhutukawa, inahusishwa na waliokufa, na asubuhi hiyo majina ya waliofariki tangu kishada kilipoonekana mara ya mwisho hutajwa kwa sauti. Kila kitu ambacho Halloween imekipoteza njiani kiko pale, kwenye majira yake: giza la kweli, chakula kinachotolewa, na majina.

Mwaka huu Matariki ilikuwa tarehe 20 Juni. Nilikwenda ufukweni saa kumi na moja alfajiri, nimevaa koti juu ya koti, nikasimama nyuma kabisa kama mtu aliyeingia msibani kwa watu asiowajua. Mwanamke mmoja alinionyesha kwa kidole upande wa kaskazini-mashariki, chini, karibu na upeo. Nikaziona. Nikazitambua. Kile ni Kilimia. Ndizo nyota ambazo wazee wa pwani walizitumia kujua wakati wa kulima, ndizo za methali ya kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mama aliwahi kuniambia methali hiyo juu ya ndoa yangu, si juu ya kilimo. Majina yalipoanza kutajwa, nami nikalitaja la kwake, polepole, kwa sababu sikuwa na hakika kama nina haki ya kuliweka kwenye orodha ya watu wengine.

Bado sina hakika. Wataalamu wa Kimaori, Rangi Mātāmua akiwa mmojawapo, wameshaonya wafanyabiashara wasiigeuze Matariki kuwa msimu wa punguzo la bei, na onyo huwa halitolewi kama hakuna sababu. Na mimi, mgeni niliyekuja na marehemu wangu mkononi kutafuta pa kumweka, sijui kama natofautiana sana na mwenye duka. Pengine natofautiana kwa kuwa nilijua jina.

Nyumbani nako mambo yanakwenda. Mwaka hadi mwaka naona matangazo ya vilabu vya Dar es Salaam na Nairobi, damu bandia na vinywaji kwa nusu bei. Miji yote miwili iko kusini mwa ikweta, Dar kwa karibu digrii saba na Nairobi kwa zaidi kidogo ya moja, na katika yote mawili tarehe hiyo ni ya kungoja mvua. Rafiki yangu mmoja aliniandikia kwamba yeye huenda kwa sababu ndiyo siku pekee anayoweza kuvaa vibaya bila mtu kumuuliza ataolewa lini. Sikuwa na hoja ya kumjibu.

Limebaki suala la boga. Mwaka jana tulinunua lile la rangi ya chungwa la kuchonga, na kesho yake, kwa kuwa sikulelewa kutupa chakula, nililikata nikalipika kwa tui la nazi la kopo, iliki, sukari, na chumvi kidogo, kama mama alivyokuwa akipika futari. Lilikuwa maji matupu. Boga lile huzalishwa litazamwe. Ndani yake hakuna kitu. Binti alikula vijiko viwili kwa heshima. Sufuria lililobaki nililimaliza peke yangu kwa siku mbili.

Mwaka huu duka limeyarudisha mawe ya povu palepale mlangoni, na bei imepanda. Boga nimenunua la kijivu, lile la kwao hasa, wanalovuna wakati wa majani kupukutika na kuliweka ghalani miezi. Ndani ni la chungwa iliyokolea, tamu, kavu kama la Muheza. Nje ni gumu kama ubao. Binti ameng'ang'ania kwamba kabla ya kupikwa lazima liwe na uso. Tumeshikana kisu naye tangu saa tisa, mkono wangu juu ya wake, na mpaka sasa lina jicho moja.